Kande au Chai ya Maziwa: Uhakiki wa Fani ya Mwamba wa Marsco

Jiwe lenyewe ni la kijivu iliyokolea, na chembe zake ni ndogo mno kwa macho matupu kuzitenga. Litie maji kidogo ling'ae, ndipo utakapoona kwamba ndani ya ukijivu huo zimetawanyika punje kubwa za namna tatu. Ya kwanza ni feldispa yenye umbo la kibao, kingo zimenyooka, imetulia kama mtu aliye kwao. Ya pili ni kwatzi: ang'avu kama kioo, ya mviringo kama punje ya choroko, na imezungushiwa ukanda mwembamba wa madini meusi. Ya tatu ni feldispa tena, lakini ya potasi. Kingo zake zimelika, na juu ya ulikaji huo imevaa ganda la feldispa ya jamii nyingine.

Hiyo ya pili ndiyo inayonishika. Mwanafunzi wa jiolojia huambiwa mapema kwamba kwatzi kubwa ya namna hii ni mali ya itale na ndugu zake, miamba yenye silika tele. Katika mwamba mweusi, kwatzi ikiwepo huzaliwa mwisho, na mzaliwa wa mwisho hukaa palipobaki: hujibana katikati ya fuwele zilizotangulia na kuchukua umbo la pengo. Hii haikujibana popote. Ilifika ikiwa nzima, ikalainishwa pembe, kisha ikavishwa. Ni mhusika aliyeingia hadithi hii akitokea hadithi nyingine, na mavazi yake yanamsema.

Mwamba huo ni marskoiti. Jina alilitoa mjiolojia Alfred Harker kutokana na kilima cha Marsco, kisiwani Skye, magharibi ya Uskoti. Marsco, chenye kimo cha mita 736, ni kimojawapo cha vilima vinavyoitwa Red Hills: mabega ya mviringo, wekundu hafifu, kokoto zinazoporomoka ubavuni. Ng'ambo ya bonde la Sligachan imesimama safu ya Cuillin, vilele vya gabro vyeusi vilivyochongoka kama meno ya msumeno. Hata kabla hujashika nyundo, mandhari imekwisha kukutajia pande mbili za mgogoro: itale huku, gabro kule. Zote ni mizizi ya volkano za miaka milioni 60 hadi 55 iliyopita, wakati Greenland na Ulaya zilipokuwa zinaachana na Atlantiki ya kaskazini kufunguka kati yao. Mvua na barafu zimekwishakwangua sebule na paa. Tunapokanyaga leo ni jikoni.

Harker alianza kazi Skye mwaka 1895 chini ya idara ya serikali ya upimaji wa jiolojia, na kitabu chake kikubwa kuhusu miamba ya kisiwa hicho kilitoka 1904. Aliona mapema kwamba marskoiti haina mzazi mmoja. Neno alilolitumia kwa miamba ya aina hiyo kwetu lingekuwa chotara, nami silipendi. Chotara ni neno la matokeo. Linakutajia nani walizaa, halikuambii walikutanaje, nani alikuwa na joto, nani aliganda, nani alimmeza nani. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanya kazi hiyo vizuri zaidi: kuchangamana na kuchanganyika. Watu huchangamana sokoni na kila mmoja hurudi kwao na jina lake. Maji na maziwa yakichanganyika, huwezi tena kuyadai yarudi. Wajiolojia wanaoandika kuhusu magma mbili zilizokutana wamelazimika kubuni tofauti hiyohiyo na kuifafanua kila mara upya. Sisi tunayo mezani: kande ni kuchangamana, kwa kuwa mhindi unauona na haragwe unaliona. Chai ya maziwa ni kuchanganyika. Swali la kuuliza mwamba kama marskoiti ni hili: wewe ni kande au ni chai?

Na hapo ndipo ninapogombana na mazoea ya maabara.

Sisi tuliofundishwa fasihi kwa mtindo wa shule tuligawiwa vikapu viwili, fani na maudhui. Kwenye mtihani ulijaza kimoja, halafu kingine, kisha ukamalizia kwa kuandika kwamba viwili hivyo havitenganishwi, ukiwa umetoka kuvitenganisha kurasa nne nzima. Jiokemia ya miamba huenda mbali zaidi. Hatua yake ya kwanza ni kusaga. Jiwe la kilo kadhaa hupondwa, hutiwa kwenye kinu, hutoka likiwa unga laini kuliko wa ngano, na unga huo ndio unaopimwa: silika asilimia kadhaa, chuma kadhaa, potasi kadhaa. Takwimu zinazopatikana ni sahihi na hazina ubaya. Lakini saga kande na usage chai iliyogandishwa, ukihakikisha viungo ni vilevile kwa uzito uleule: unga utatoa hesabu moja. Kinu kimefuta fani, na katika mwamba wa magma mbili fani ndiyo shahidi aliyekuwepo.

Nianze basi na mahali shahidi huyo anaposema kwa sauti kubwa, yaani mpakani.

Ubavuni mwa Marsco kuna korongo linaloitwa kwa jina la Harker. Humo marskoiti inaonekana ikiwa imekaa kati ya miamba miwili: felsiti, ndugu wa itale mwenye chembe laini na fuwele kubwa za kwatzi na feldispa, na ferodioriti, mwamba mweusi wenye chuma kingi. Kuelekea ferodioriti, badiliko ni la polepole, huwezi kuweka kidole ukasema ni hapa. Kuelekea felsiti, mpaka unaonekana wazi, lakini si mstari. Ni mawimbi. Upande wa marskoiti umetokeza vinundu vya mviringo kama kichwa cha koliflawa, na upande wa felsiti umeingia katikati ya vinundu hivyo kwa ncha kali.

Umbo hilo lina sarufi. Mwamba mgumu ukivunjwa na magma, hupasuka kwa pembe: utakuta vipande vyenye kona, kama vigae. Vinundu vya mviringo vinavyotokeza kuelekea upande mmoja tu ni alama ya kimiminika kilichokutana na kimiminika, na kile kilichotokeza mviringo ndicho kilichokuwa kinakakamaa haraka. L. R. Wager na E. B. Bailey waliliweka jambo hili wazi mwaka 1953 katika makala fupi ya jarida la Nature, wakitumia miamba ya St Kilda na Slieve Gullion. Magma ya kibasalti huwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za selisiasi. Ya itale huridhika na 700 hadi 850. Zikikutana, yenye joto zaidi ndiyo inayoganda. Sentensi hii inahitaji kusomwa mara mbili, kwa kuwa akili ya jikoni huipinga: tumezoea kuona kinachoganda ni kile cha baridi. Lakini nyuzi 800, ambazo kwa magma ya itale ni uhai, kwa basalti ni kifo. Basalti inaganda ndani ya kimiminika kilicho hai bado, na joto inalolitoa inapoganda linazidi kuilainisha itale inayoizunguka. Matokeo yake ni kinaya cha kupendeza: mgeni mwenye nguvu anakakamaa, akikakamaa anapasuka, na mwenyeji aliyechangamshwa na joto la mgeni anapenya nyufa zake. Utaona mishipa myeupe imeingia ndani ya vinundu vyeusi. Asiyejua huiona mishipa hiyo akahitimisha kwamba itale ilikuja baadaye sana, jiwe jeusi likiwa limekwishapoa kabisa. Wengi walihitimisha hivyo, tena kwa kujiamini.

Ushahidi wa mkakamao huo wa haraka upo hata ndani ya vinundu. Apatiti, madini ya fosforasi ambayo kwa kawaida hukua kama vipande vifupi vinene, hutokea humo ikiwa sindano: ndefu, nyembamba mno, urefu ukizidi upana mara nyingi. Fuwele iliyopewa muda hujijenga kwa kila upande. Iliyoharakishwa hukimbia upande mmoja. Mwaka 1984 Ron Vernon alizitumia alama za namna hii kueleza asili ya madoa meusi yaliyomo katika itale nyingi duniani. Alisema ni matone ya magma mseto yaliyogandishwa haraka ndani kabisa ya ardhi, kinyume na waliodhani ni mabaki ya mwamba wa kale ambao haukuyeyuka. Ukienda kwa fundi wa mawe ya jikoni, yale ambayo wao huyaita granaiti hata yasipokuwa, omba akuonyeshe slabu ya kijivu yenye doa jeusi la umbo la yai. Mteja hulikataa kama kasoro. Mimi ningelilipia zaidi. Pitisha ukucha mpakani mwa doa: hausikii ufa. Mara nyingi ndani ya doa utaona feldispa kubwa inayofanana kabisa na zilizo nje. Na ukibahatika, utakuta moja iliyokatiza mpaka, nusu ndani, nusu nje. Nimetazama mawe kwa miaka na bado hiyo hunisimamisha. Fuwele haivuki ukuta. Iliyovuka ilivuka maji.

Hadi hapa jibu linaelekea kande. Hata jirani wa marskoiti, mwamba wa kilima cha Glamaig uitwao glamaigiti, ni wa mabaka: weusi hapa, weupe pale, mchangamano usiokamilika. Lakini marskoiti yenyewe, ukiacha zile punje kubwa, haina mabaka. Ukijivu wake ni mmoja kutoka mkono hadi mkono. Hiyo ni chai.

Basi jiwe moja linakuwaje yote mawili? Turudi kwa wahusika watatu, maana wao ndio wenye kisa.

Feldispa iliyotulia ni andesini, feldispa ya natiri na kalisi kwa viwango visivyopishana sana. Fuwele za aina hiyohiyo zimo katika ferodioriti. Kwatzi na feldispa ya potasi zimo, zikiwa nzima na pembe zake, katika felsiti. Kundi la Wager pamoja na E. A. Vincent, G. M. Brown na J. D. Bell lilitumia mfanano huu kama uti wa mgongo wa hoja yake katika utafiti mkubwa wa mwaka 1965: marskoiti ilitokana na magma ya ferodioriti na magma ya felsiti, zote zikiwa tayari zimebeba fuwele zake. Vimiminika vilichanganyika hadi vikawa kimoja. Fuwele hazikuweza. Kwa hiyo ni chai ambayo ndani yake bado mna majani, na majani hayo ndiyo yanayotaja shamba.

Itazame kwatzi kwa darubini. Jiwe hukatwa, hubandikwa kwenye kioo, husuguliwa hadi unene wake unabaki milimita 0.03, wembamba ambao mwanga unapita. Punje ambayo mkononi ilikuwa choroko sasa ni kisiwa chenye ufuo wa ghuba na vidaka. Hizo ghuba ni sehemu zilizoyeyuka. Kwatzi iliyokuwa imeridhika katika magma yenye silika ya kutosha ilitupwa ghafla katika kimiminika chenye joto zaidi na chenye njaa ya silika, nacho kikaanza kuila. Ila kuyeyuka kunanyonya joto. Pembeni mwa punje inayoyeyuka pakapoa kidogo, na pia kimiminika cha hapo karibu kikabadilika kwa silika iliyoongezeka. Katika ukanda huo mwembamba fuwele ndogo za piroksini, au honiblendi maji yanapokuwepo, zikaanza kuota zikiegemea punje yenyewe. Zikasongamana, zikawa ukuta. Ukuta ukazuia ulaji. Kwatzi imesalimika kwa sababu kitendo cha kuliwa kwake kilimjengea ngome.

Sijui katika uhakiki wa tungo zetu pana kielelezo gani cha fani inayobeba maudhui kwa kiasi hiki. Ukanda wenye upana usiofika milimita moja unasema: kulikuwa na magma mbili, moja ilikuwa moto kuliko nyingine, tofauti ya silika ilikuwa kubwa, muda ulitosha kuanza ulaji na haukutosha kuumaliza. Mambo manne. Saga jiwe hilo, na ukanda unakuwa sehemu ndogo ya asilimia ya chuma.

Feldispa ya potasi inasema hayohayo kwa lafudhi nyingine. Ganda la feldispa ya natiri na kalisi juu ya kiini cha potasi lina jina la Kifini, rapakivi, yaani jiwe linalomomonyoka, kwa kuwa itale za Finland zenye umbo hilo huvunjika zikawa changarawe. Njia za kulipata ni zaidi ya moja, nami nisingemfunga mtu kwa ushahidi wa rapakivi peke yake. Lakini mwaka 1981 M. J. Hibbard alionyesha jinsi kukutana kwa magma kunavyoweza kulizalisha, na hapa Marsco, likiwa kando ya kwatzi yenye ukanda, sioni sababu ya kutafuta kwingine.

Sasa niwape wapimaji haki yao, maana wana fani yao pia, na ni nzuri: ni mchoro. Mhimili wa chini ni silika, wa wima ni kipimo kingine chochote, chuma, magnesi, potasi, na kila jiwe ni nukta. Unaitwa mchoro wa Harker, na hapa historia inacheka kidogo, kwa kuwa mtu yuleyule aliyetoa jina la marskoiti ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye mchoro ambao, kwa maoni yangu, umewafanya watu wasiitazame marskoiti.

Nguvu ya mchoro ni hii. Tuseme magma nyeusi ina silika asilimia 52 na magnesi 4, na nyeupe ina silika 72 na magnesi 0.4. Changanya nusu kwa nusu: silika 62, magnesi 2.2. Changanya kwa kiwango chochote, nukta itaangukia kwenye mstari ulionyooka unaounganisha wazazi. Na ukishausoma uwiano kutoka kwenye silika, uwiano huohuo lazima utoshe kwa chuma, kwa kalisi, kwa titani, kwa kila kitu. Ni mtihani mkali, na mwamba ukiufaulu kwa vipimo kumi kwa pamoja, umesema jambo. Wazo hili ni la zamani kuliko Harker. Robert Bunsen, yule wa taa ya gesi ya maabara, alizuru Iceland mwaka 1846, na mwaka 1851 akapendekeza kwamba miamba ya huko ni mchanganyiko wa magma mbili za msingi kwa viwango tofauti.

Udhaifu wa mchoro ni kwamba mstari ulionyooka una njia nyingi za kuzaliwa. Kwanza, asilimia lazima zijumlishwe kuwa 100: silika ikipanda, vingine havina budi kushuka, viwe vina undugu au havina. Felix Chayes alionya juu ya mtego huo wa hesabu mwaka 1960. Pili, upo mzazi mmoja anayeweza kuigiza wazazi wawili. Bruce Chappell na Allan White, wakifanyia kazi itale za kusini-mashariki mwa Australia, walieleza mistari yao iliyonyooka bila kuhitaji magma mbili: mwamba wa chini uliyeyuka kwa sehemu, magma ikapanda ikiwa imebeba mabaki yasiyoyeyuka, na kadiri mabaki yalivyoachwa njiani ndivyo mwamba ulivyozidi kuwa mweupe. Hesabu ya kuondoa na hesabu ya kuchanganya huchora mstari uleule. Chappell aliendelea kuitetea hoja hiyo dhidi ya wachanganyaji hadi miaka ya 1990, na mabishano ya Waaustralia kuhusu madoa meusi ya itale zao yalikuwa makali kama ya wahakiki wa ushairi kuhusu vina. Mchoro haukuweza kuwaamua. Kilichobaki ni kurudi kwenye doa na kuuliza: lina sindano za apatiti? Lina mpaka wa koliflawa? Yaani fani.

Kwa nini basi wazo la Bunsen lililala muda mrefu hivyo? Kwa sehemu ni N. L. Bowen. Kitabu chake cha 1928 kilionyesha kwa majaribio ya tanuri jinsi magma moja inavyoweza, kwa kuangusha fuwele hatua kwa hatua, kuzaa ukoo mzima wa miamba. Kilikuwa kitabu chenye nguvu na kilistahili kuheshimiwa, lakini wafuasi walikisoma kama katiba. Panapotawala mkabala mmoja, hata macho huona kwa kibali. Mfano ni Mto Gardiner, katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ambako basalti na rioliti, ndugu wa itale, zimeingiliana kwa maumbo ya ajabu. C. N. Fenner aliandika mwaka 1938 kwamba rioliti na gesi zake ziliishambulia basalti ngumu na kuila. R. E. Wilcox akaenda mahali hapohapo, akatazama mawe yaleyale, na mwaka 1944 akaandika kwamba zote mbili zilikuwa kimiminika. Ukurasa mmoja, wasomaji wawili. Tofauti yao haikuwa katika vipimo.

Sehemu ya kisa hiki ninayoipenda zaidi ni Wager mwenyewe. Huyu ndiye aliyeugundua mwamba wa Skaergaard, mashariki ya Greenland, na pamoja na W. A. Deer akaueleza mwaka 1939: magma moja iliyofungiwa chumbani, ikaangusha fuwele tabaka juu ya tabaka, ikazidi kukusanya chuma hadi mwisho. Kila mfuasi wa Bowen aliutaja kama ushahidi wa juu kabisa. (Mtu mgumu, Wager. Mwaka 1933 alipanda Everest hadi zaidi ya mita 8,500 pamoja na Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya aliyekuwa amekwishapanda kilele cha Batian mwaka 1929.) Mtu wa mzazi mmoja ndiye aliyeongoza kundi lililothibitisha wazazi wawili wa Marsco, na alifariki mwaka uleule wa 1965 utafiti ulipochapishwa. Sioni kujipinga hapo. Ferodioriti, yule mzazi mweusi mwenye chuma kingi, ni aina ya mwamba ambayo Skaergaard ilimfundisha kuitambua: masalia ya magma iliyokwisha kuangusha fuwele zake nyingi. Mtu asiyeijua njia ya Bowen asingemtambua mzazi huyo hata angekaa mbele yake.

Je, mzazi mweupe ni nani? Hapa unga unarudi, na safari hii naukaribisha, kwa kuwa kuna jambo ambalo macho hayalioni kwa darubini yoyote. Rubidiamu-87 huoza polepole kuwa strontiamu-87, nusu yake ikihitaji karibu miaka bilioni 50. Ukoko wa kale wenye rubidiamu nyingi hukusanya strontiamu-87 kuliko kina kirefu cha dunia kinakotoka basalti. Mwaka 1965 huohuo Stephen Moorbath na J. D. Bell walionyesha kwamba itale za Skye zina uwiano wa strontiamu-87 ulio juu kuliko basalti na gabro za kisiwa hicho. Maana yake itale hazikutokana na basalti peke yake. Ukoko wa chini, gneisi za Lewisian zenye umri unaokaribia miaka bilioni 3, umo ndani yake.

Ilionekana safi: mweusi wa kina kirefu, mweupe wa ukoko. Miaka michache baadaye Moorbath na H. Welke wakapima risasi, na usafi ukaisha. Hata miamba myeusi ilikuwa na risasi ya ukoko. Na uchunguzi wa baadaye ukazidi kuisogeza itale karibu na basalti: sehemu kubwa yake inaelezeka kama basalti iliyoangusha fuwele huku ikila ukoko njiani. Wazazi wawili wa marskoiti, ferodioriti na felsiti, ni watu wa ukoo mmoja walioolewa nje kwa viwango tofauti, kisha wakakutana tena.

Na mizani ya strontiamu ina ujanja wake, ambao msomaji wa takwimu asipoangalia unamwangusha. Chukua mfano wa hesabu tu. Magma nyeusi ina uwiano wa 0.706, nyeupe 0.712. Changanya nusu kwa nusu. Ungetarajia 0.709. Lakini ikiwa nyeusi ina strontiamu sehemu 400 kwa milioni na nyeupe ina 100 tu, mchanganyiko utakuwa 0.7072, kwa kuwa kila mmoja anapiga kura kwa wingi wa strontiamu aliyokuja nayo, si kwa ujazo wake. Silika itakuambia nusu kwa nusu, strontiamu itakunong'oneza kwamba mweupe hakuwa na nguvu, na zote zinasema kweli. Mstari ulionyooka wa Harker hapa hupinda, na jinsi ulivyopinda ndivyo unavyojua nani alikuja na nini.

Wataalamu wa kizazi cha karibuni, Jon Davidson miongoni mwao, waliacha kusaga jiwe zima. Wanachimba fuwele moja kwa keekee nyembamba, kutoka kiini hadi ukingo, kama anayehesabu pete za mti, na kupima strontiamu ya kila pete. Kuna feldispa ambazo kiini chake kina uwiano mmoja na ukingo wake mwingine, na kati yao pana mstari wa ulikaji. Kemia imesomwa bila kuivunja fani. Kwa hizo andesini na feldispa za Marsco, zilizovaa magamba na kulika kingo, huo ndio usomaji ninaouona unazifaa.

Rudi kwenye kioo cha darubini. Weka vichujio viwili vya mwanga, kimoja chini ya jiwe na kingine juu, vikikingamana, kisha zungusha meza ya darubini taratibu kwa kidole. Kile kisiwa cha kwatzi kinafifia, kutoka mweupe hadi kijivu hadi giza, chote kwa mara moja, maana ni fuwele moja tangu ufuo mmoja hadi mwingine. Ukanda wake haufifii pamoja naye. Una vijipande vingi, kila kimoja kimeelekea kwake, na kila digrii unayozungusha kimojawapo kinawaka njano, kingine buluu, kingine wekundu wa machungwa, kuuzunguka mduara mweusi uliopo katikati.